Daktari Atiman wa Karema



Vijana wenzangu, hasa nyie wa kidato cha sita, najua wiki hizi hamlali. Mtihani wa utamilifu umepita, matokeo yamebandikwa ukutani kila mtu anayaona, na Mei hiyoo inakuja. Wa PCB na CBG ndio usiseme. Daftari la baiolojia limeshakuwa nene kama tofali, na bado mwalimu anaongeza notisi.

Jumapili moja baada ya misa hapa Tabora kijana mmoja alinisimamisha. Alikuwa amechoka, unamwona usoni. Alitaka kujua kuna faida gani kukariri hatua zote za maisha ya kimelea cha malaria, kutoka kwenye mate ya mbu mpaka ndani ya ini la mtu, wakati wiki moja baada ya mtihani atakuwa ameshasahau vyote. Akaongeza kwamba anajiona kama mtu anayemwibia Mungu muda, maana rozari siku hizi haishiki tena, anashika daftari. Sikuwa na jibu la maana siku ile. Nilimwambia tu ajipe moyo, basi. Leo namjibu kwa kumsimulia mtu. Anaitwa Adrian Atiman. Wenzetu wa Mpanda na Sumbawanga wanamjua tangu utotoni. Sisi wa Tabora, ambao alipita njia yetu, wengi hatujawahi kumsikia.

Alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Hakuwa Mtanganyika kabisa. Akiwa bado mtoto mdogo alikamatwa na Watuareg waliokuwa wakifanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Ebu fikiria mtoto wa umri wa darasa la kwanza au la pili anatembezwa jangwani na watu asiowajua, kila siku anazidi kuwa mbali na mama yake. Njia zile za jangwani zilikuwa na mifupa ya walioshindwa kuendelea.

Mwaka 1876, huko Algeria, wamisionari walimkuta akiuzwa, wakamnunua ili wamweke huru. Walikuwa Wamisionari wa Afrika, hawa ambao sisi tumezoea kuwaita Mapadre Weupe. (Jina hilo limetokana na kanzu zao nyeupe, si rangi ya ngozi, kama wengi wanavyodhani.) Wakamlea, wakamsomesha, na baadaye akabatizwa.

Wengi wenu mnampenda Mtakatifu Josefina Bakhita. Basi jueni kwamba Atiman na Bakhita ni watu wa rika moja kabisa. Yeye alizaliwa Darfur mnamo 1869 na akatekwa akiwa mtoto, miaka ile ile ambayo Atiman alikuwa akipata uhuru wake. Bakhita akaja kuwa sista Italia na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 2000. Atiman yeye akawa daktari, mume na baba, akaishia kijijini kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sina haki ya kumtangaza mtakatifu, hiyo ni kazi ya Kanisa. Ila mimi binafsi namwomba aniombee, hasa ninapokuwa na uvivu.

Mwanzilishi wa Mapadre Weupe alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Huyu mzee alikuwa na tatizo kubwa mezani kwake. Mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza wa wamisionari kuja bara kwa njia ya Bagamoyo na Tabora. Padre Pascal, aliyekuwa kiongozi wa kundi la kwenda Tanganyika, alikufa njiani kabla hata ya kuiona Tabora. Na waliofuata nao walikufa kwa homa, wengine wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Lavigerie akaona kwamba injili bila dawa haitafika mbali, na kwamba daktari wa kufaa zaidi ni Mwafrika mwenyewe, mlei, mwenye kuoa na kukaa moja kwa moja kati ya watu, anayetibu mwili huku akifundisha katekisimu. Wakaitwa madaktari-makatekista.

Hivyo mwaka 1881 vijana kadhaa waliokombolewa utumwani walipelekwa kisiwa cha Malta wakasome udaktari katika chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kama kumi na tano, yaani umri wa kidato cha pili au cha tatu hivi.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Soko la watumwa lilikuwa na namna yake ya kuusoma mwili wa mtu. Mnunuzi anafungua mdomo wa mtoto ahesabu meno, anabonyeza misuli ya mkono, anatazama macho kama yana ugonjwa, halafu anataja bei. Atiman alijua jambo hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bidhaa. Miaka michache baadaye kijana huyo huyo amesimama katika chumba cha anatomia Malta, anajifunza mifupa, misuli, mishipa ya damu, kila kimoja na jina lake na kazi yake, na hakuna anayeuliza bei. Mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni sababu ya kuuangalia.

Na alisoma kwa lugha za kigeni, si kwa lugha ya mama yake. Nyie mnaolalamika kwamba baiolojia ni ngumu kwa sababu ya Kiingereza, mna mwenzenu.

Sasa twende kwenye yale maswali ya mtihani. Vitu mnavyokariri leo, Atiman hakufundishwa, kwa sababu dunia ilikuwa haijavijua. Kimelea cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na daktari wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Laveran alikiona kwenye damu ya askari mgonjwa mjini Constantine, Algeria, nchi ile ile aliyokombolewa Atiman. Kwamba kimelea hicho kinabebwa na mbu halikuthibitishwa mpaka 1897, na Ronald Ross, huko India. Vimelea vya malale vilikuja kuhusishwa na ugonjwa huo mwanzoni mwa karne iliyofuata, Uganda. Makundi ya damu yalitangazwa 1901. Virusi vilikuwa bado havina hata jina tunalolielewa leo. Atiman alihitimu 1888. Maana yake alitoka Malta akijua kwamba kwinini inashusha homa, na kwamba chanjo inazuia ndui, lakini mbu anayemuuma usiku alikuwa mdudu wa kero tu.

Kwa hiyo wewe uliyekaa dawati la nyuma na kukosa swali la mbu kwenye utamilifu, unajua jambo ambalo daktari huyu alipokuwa anaanza kazi hakulijua. Si kwamba una akili kuliko yeye. Watu wamekufa wengi mpaka hiyo sentensi ikaandikwa kwenye daftari lako.

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa moto kwa habari ya utumwa. Mwezi Mei Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili akiulaani, na Julai Lavigerie akaanza kuzunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Kiangazi hicho hicho Atiman aliingia melini kuja Unguja, akiwa katika msafara wa Askofu Bridoux. Kutoka pwani wakashika njia ya bara.

Njia hii tunaijua sisi. Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, halafu lile pori kavu la Mgunda Mkali, kisha Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, na mwisho Ujiji. Ni kilomita kama 1,200 kutoka bahari hadi ziwa. Leo ukipanda treni unaweka begi juu, unanunua karanga stesheni, unalala. Wakati ule hakukuwa na reli, ya Tabora ilifika 1912. Walitembea kwa miguu miezi kadhaa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo begani, vitambaa na shanga na waya wa shaba, maana hizo ndizo zilikuwa pesa za njiani. Kila eneo la mtemi unalolipia hongo, usipolipa hupiti. Ndui na kuhara damu vilitembea na misafara kama abiria wengine. Na mwaka huo huo pwani ikalipuka vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, njia ikawa ya hatari zaidi.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikishusha pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani. Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwetu, ambako Livingstone na Stanley walikaa, ilikuwa kituo chake kikubwa. Atiman aliipanda kuelekea bara wakati bidhaa zilikuwa zinashuka. Mtu aliyewahi kuuzwa, sasa anatembea huru katikati ya barabara ya watumwa, elimu ya udaktari kichwani. Nikipita kwenye ile miembe mizee ya Tabora huwa nakumbuka hilo. Mapadre walikuwa na kituo pale Kipalapala tangu miaka ya themanini, na ndugu zangu mliopitia seminari yake mjue historia ya mahali hapo ni ndefu kuliko majengo mnayoyaona. Hata hivyo hali ilikuwa mbaya chini ya mtemi Isike, na mwaka 1889 wamisionari walilazimika kukiacha.

Mwanzoni mwa 1889 Atiman alifika Karema.

Karema ilikuwa ngome. Wabelgiji waliianzisha mwaka 1879, kisha mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Kuizunguka waliishi Wabende na watu wengine wengi waliokimbilia hapo wakitafuta usalama, wakiwemo waliookolewa utumwani. Hapo ndipo palipokuwa chumba chake cha wagonjwa kwa miaka sitini na saba. Narudia kwa tarakimu ili usidhani nimekosea: 67.

Alioa huko huko, Agnes, binti wa ukoo wa kitemi wa Kibende. Mtoto wao Joseph alikuja kuwa padre. Asiye wa pale akawa wa pale.

Kazi yake si ya kwenye picha. Vidonda, homa, uzazi uliokwama, mikono iliyovunjika, watu walioshambuliwa na wanyama. Aliwatibu wamisionari pia, na wapo ambao bila yeye wangezikwa mapema. Ulipokuja ugonjwa wa malale kwenye ufuko wa ziwa, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulikuta daktari ambaye chuoni hakufundishwa chochote cha maana kuuhusu, kwa hiyo ilibidi ajifunze akiwa kazini. Chupa za dawa kutoka Ulaya zilikuwa chache na zilichukua miezi kufika. Basi akawa anawasikiliza waganga na wazee wa pale wanaojua mizizi na majani, anajaribu, anaangalia kinachofanya kazi na kisichofanya, anatumia kile kinachosaidia.

Hilo la waganga linahitaji maneno mawili, kwa sababu najua kuna wenzetu watashtuka. Hakuwa anapiga ramli. Alikuwa Mkatoliki na katekista, jioni akifundisha sala. Alitofautisha mti na uchawi. Gome la mti ni uumbaji wa Mungu, lina kemikali ndani yake, linaweza kupimwa. Kwinini yenyewe mnayoisoma ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini, na waliosaidia sana kuisambaza Ulaya ni Wajesuiti. Kwa hiyo ukiwa na bibi yako kijijini anayejua dawa ya tumbo, usimcheke kwa sababu una tahasusi ya sayansi. Muulize, andika jina la mti.

Sitaki nimchore kama malaika, na pia sitaki kuuchora mpango wa Lavigerie kama ulifanikiwa wote. Haukufanikiwa. Walioanza Malta walikuwa zaidi ya mmoja, lakini baadhi walivunjika moyo, wengine wakaacha, na taasisi ile ya Malta ikafungwa mwaka 1896. Na ukiniuliza kwa dhati, kuna kitu kinanikwaza. Mtoto ananunuliwa, anaachwa huru, kisha watu wazima wanaamua kwamba atasoma udaktari na kutumwa upande mwingine wa Afrika, mbali kabisa na Niger alikozaliwa. Uhuru wake ulikuwa na ukubwa gani hapo mwanzo? Nadhani hili ni swali la haki na hatumkosei heshima mtu kwa kuliuliza. Wengi wenu nanyi mlipangiwa tahasusi. Baba alitaka daktari, au ufaulu wa kidato cha nne ndio uliosema PCB, ukaenda.

Ninachokiona mimi ni kwamba wenzake waliotumwa kwa mpango ule ule waliondoka, na mlango ule ule ulikuwa wazi kwake. Karema haikuwa na ukuta wa kumzuia mtu aliyevuka Sahara na Bahari ya Hindi. Mjerumani alikuja akatawala, yeye yupo. Vita ya kwanza ya dunia ikapita, Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1916, Mwingereza akachukua nchi, yeye yupo na wagonjwa wake. Kila asubuhi kwa miaka hiyo yote alikuwa akiamua tena jambo ambalo mwanzoni waliamua wengine. Hapo ndipo ninapomwona huru.

Na sala? Kijana wangu wa Jumapili ile, sikiliza. Katika maisha ya Atiman hakuna mahali unapoona sala inagombana na dawa. Mwito wake ulikuwa na majina mawili yaliyounganishwa, daktari na katekista, na hawakumpa siku mbili tofauti za kuyatimiza. Mgonjwa wa saa nane usiku ndiye aliyekuwa somo la sala ya usiku huo. Kama una dakika kumi tu za rozari msimu huu wa mtihani, sali fungu moja vizuri, kisha fungua daftari bila kujilaumu.

Uzeeni aliandika mwenyewe kumbukumbu za maisha yake, na mwaka 1946 zikachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akapewa nishani. Wakati anaanza kazi, mbu hakujulikana. Alipokuwa mzee, penisilini ilishagunduliwa, na mwaka 1953, yeye akiwa bado hai kule ziwani, Watson na Crick walitangaza umbo la DNA, ile ngazi iliyosokotwa ambayo mnaichora kila wiki. Karibu kitabu kizima cha kidato cha sita kiliandikwa ndani ya maisha ya mzee huyu mmoja.

Alifariki Karema mwezi Aprili 1956, Kanisa likiwa katika kipindi cha Pasaka, akiwa na miaka kama tisini. Jina lake limebaki kwenye hospitali ya Jimbo la Sumbawanga, na Dar es Salaam ipo nyumba ya Wamisionari wa Afrika inayoitwa Atiman.

Ukimaliza mtihani na ukapata nauli, kuna treni inayotoka hapa Tabora kupitia Kaliua hadi Mpanda. Kutoka Mpanda unatafuta gari la kwenda ziwani, barabara si nzuri sana masika, mpaka Karema. Kaburi lake liko huko. Mimi nimejiwekea nia ya kwenda Julai, na yule kijana amesema tutaenda wote. Kwa sasa ana mtihani wa vitendo wa baiolojia mbele yake. Tumwombee, yeye na watahiniwa wote: Salamu Maria moja, na moja nyingine kwa ajili ya roho ya Adrian Atiman.